Kabla sakafu ya jumba la sinema haijasawazishwa

Jumba la sinema halifi siku linapofungwa. Linaweza kukaa miaka ishirini bila kuonyesha picha, likawa ghala la mchele, kanisa, ukumbi wa harusi au karakana ya fundi samani, na bado likarudi kuwa sinema. Linakufa siku mtu anapomwaga zege juu ya sakafu ya mteremko ili apate mahali bapa pa kupanga rafu za duka, au anapovunja chumba cha mashine ya kuonyeshea picha kule juu ili apate ofisi. Baada ya hapo linabaki jengo lenye jina la sinema usoni, na kulirudisha ni kujenga upya. Ndiyo maana sisi tunaoshughulika na majengo haya tunaangalia mambo manne kabla ya mengine yote: paa, mteremko wa sakafu, chumba cha mashine na ukuta wa skrini. Watu hupiga picha uso wa mbele wenye herufi za kupendeza, na ni haki yao, lakini uso peke yake hauwezi kuonyesha filamu.

Chukua Majestic ya Vuga, Unguja. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 ilijengwa hapo Royal, kwa mchoro wa John Sinclair, yule yule aliyechora Beit el Amani ya Mnazi Mmoja. Royal iliungua miaka ya 1950, na mwaka 1955 likasimama jumba jipya lenye sura ya kisasa ya wakati ule, mchoro wa Dayalji Pitamber Sachania, likaitwa Majestic. Mji Mkongwe, ambao unaweza kuukatiza kwa miguu kati ya Magharibi na Isha, ulikuwa na majumba matatu: Majestic, Empire karibu na soko la Darajani, na Sultana upande wa bandari, ambayo baada ya Mapinduzi ilibadilishwa jina ikawa Cine Afrique. Empire baadaye iligeuzwa duka. Paa la ukumbi wa Majestic lilibomoka na ukumbi ukabaki wazi kwa mvua. Hadithi ya Tanga, Moshi, Tabora na Mwanza haiko mbali na hiyo.

Nakala ya picha ilikuwa moja na majumba yalikuwa matatu, kwa hiyo saa za kuanza zilipishanishwa. Mkanda mkubwa wa milimita 35 una futi 2,000. Mashine inapitisha fremu 24 kwa sekunde, na futi moja ina fremu 16, ndiyo kusema futi 90 zinapita kila dakika na mkanda mmoja unakwisha kwa dakika 22 hivi. Picha ya Kihindi ya saa mbili na nusu inakaribia futi 13,500: mikanda saba, mara nyingi minane. Mkanda wa kwanza ukishatoka kwenye mashine ya jumba la kwanza, kijana aliupakia kwenye baiskeli akaukimbiza jumba la pili, akarudi kuchukua wa pili. Akichelewa, taa ziliwashwa na ukumbi mzima ukapiga mbinja. Ukiona chumba cha mashine chenye ngazi yake na mlango wake wa nje, usiseme mlango huo hauna kazi ukauziba kwa matofali. Mikanda ilipita hapo, na opareta aliokoka kwa hapo moto ulipotokea.

Milango mingine nayo ina sababu zake. Watu wa tiketi za bei ndogo, wale wa viti vya mbele, waliingilia ubavuni, na wa balkoni walipanda ngazi ya mbele. Kulikuwa na maonyesho ya wanawake peke yao, na sikukuu za Idi ukumbi ulijaa hata walanguzi wakauza tiketi nje kwa bei waliyotaka. Jengo lilichorwa liweze kuingiza umati mmoja huku likitoa mwingine kwa muda mfupi. Kila mlango unaoukuta, hata uliozibwa kwa mabati, uweke kwenye mchoro wako, kwa sababu siku utakapoomba kibali cha kufungua ukumbi, watu wa zimamoto watauliza kwanza watu wanatokea wapi.

Kwa nini majumba haya yalichakaa kwa namna inayofanana? Televisheni na mikanda ya video vinalaumiwa sana, na kweli vilipunguza watazamaji. Zanzibar ilipata televisheni ya rangi mapema, miaka ya 1970, na Bara ikangoja hadi 1994. Lakini ukiliangalia jengo lenyewe, uchakavu ulianza kabla. Zanzibar majumba yalitaifishwa baada ya 1964. Bara, sheria ya 1971 ilichukua nyumba za kupangisha zenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, zikaingia kwa Msajili wa Majumba. Aliyeonyesha picha akawa mpangaji, na mpangaji haezeki paa la mwenye nyumba. Picha zenyewe zilipitia Kampuni ya Filamu Tanzania, iliyoundwa 1968, na miaka ya 1980 fedha za kigeni zilipokuwa hazipatikani, nakala zilizozunguka zilikuwa zimechanika matundu ya pembeni, na kaboni za taa, vile vijiti vilivyowaka kutoa mwanga wa mashine, hazikupatikana. Somo la hapo kwa mhifadhi wa leo ni la mkataba: kabla hujagusa tofali, ijulikane kwa maandishi ni nani anayelipia paa.

Sasa kazi. Anza kwa kupima, hata kama huna senti ya ujenzi. Mteremko unapimwa kwa mpira wa maji, ule mpira mwembamba unaoonyesha maji ndani, ambao kila fundi mwashi anao. Funga ncha moja kwenye ukuta wa skrini, tembea na nyingine kuelekea nyuma, andika kina kila baada ya mita moja, kwenye mstari wa katikati na mistari miwili ya pembeni. Hakikisha mpira hauna mapovu, la sivyo vipimo vyote vitadanganya. Ukipata mchoro wa mteremko, angalia kama unafanya kazi: jicho la mtu wa nyuma linatakiwa lione juu ya jicho la mtu wa mbele kwa sentimita 12 hivi, au 6 kama viti vimepishanishwa ili kila mtu atazame katikati ya vichwa viwili. Wajenzi wa zamani wengi walipishanisha viti, na ndiyo sababu alama za bolti sakafuni zinaonekana kama zimekosewa. Hazikukosewa. Zipige picha zote kabla ya kupaka rangi na kuziba matundu.

Kama sakafu tayari imesawazishwa, usikate tamaa haraka. Toboa tundu la upana wa sentimita 5 karibu na skrini, mahali ambapo ujazo ni mnene zaidi, uone kuna nini. Mara nyingi mwenye duka hakutaka gharama ya zege tupu: alijaza kifusi na mchanga, akamalizia kwa zege la sentimita 8 au 10 juu. Hapo mteremko wa zamani upo chini, mzima, na unafukuliwa kwa sururu na toroli. Ukikuta zege moja hadi chini, gharama inabadilika kabisa na ni bora ulijue hilo mwanzoni.

Paa ndilo linalomaliza majengo haya, na si mabati yenyewe yanayoanza. Majumba ya miaka ya 1950 yana uso mrefu wa ukuta unaoficha paa. Nyuma ya ukuta huo kuna mfereji wa ndani, gata iliyolala juu ya ukuta badala ya kuning'inia nje. Majani ya mwembe, manyoya ya njiwa na mfuko mmoja wa plastiki vinaziba mdomo wa bomba. Maji yanapanda, hayana pa kwenda, yanavuka ukingo wa ndani na kushuka ndani ya ukuta. Hakuna anayeona kitu kwa miaka mitatu, kisha dari ya ukumbini inatoa doa la rangi ya chai karibu na ukuta, na wakati huo vichwa vya kenchi vilivyozama ukutani vimeshaoza au vimeliwa na kutu.

Fanya hesabu uone uzito wa jambo. Paa la mita 15 kwa 30 ni mita za mraba 450. Mvua ya milimita 50, ambayo masika inaweza kuileta kwa alasiri moja, inamwaga hapo lita 22,500. Kanuni ya mkono tunayoitumia ni sentimita moja ya mraba ya bomba kwa kila mita moja ya mraba ya paa. Bomba la milimita 100 lina sentimita za mraba 78, kwa hiyo paa hilo linataka mabomba sita. Majengo mengi utayakuta na mawili, na moja limezibwa. Mfereji uwe na mteremko usiopungua sentimita moja kila mita mbili, na hapa kuna kitu kidogo chenye faida kubwa kuliko vyote: toboa kwenye ukuta wa mbele tundu la dharura, kipande cha bomba la milimita 75 kinachotokeza nje sentimita 15, sakafu yake ikiwa chini ya ukingo wa ndani wa mfereji kwa sentimita 3 au zaidi. Bomba kuu likiziba, maji yatatoka hapo na kumwagika barabarani mbele ya macho ya watu, na mtu atapanda kusafisha. Bila tundu hilo, taarifa ya kwanza utaipata kwa dari kuanguka.

Kenchi zikaguliwe kwenye ncha, si katikati. Chukua bisibisi nene uichomeke kwenye mbao pale inapoingia ukutani. Ikizama zaidi ya sentimita moja bila nguvu, ncha hiyo imekwisha. Kwa kenchi za chuma, kwangua kutu kwa patasi hadi chuma king'ae, ndipo upime unene uliobaki. Kutu hutuna, na chuma kilichokwisha nusu kinaweza kuonekana kinene kuliko kipya. Ncha moja iliyooza haimaanishi kenchi nzima itupwe. Inakatwa, inaungwa kwa mbao ngumu au bamba za chuma na bolti, na kiti chake ukutani kinaachiwa nafasi ya hewa pande zote badala ya kuzibwa kwa saruji.

Ukumbi ambao paa limeshaanguka una hatari nyingine. Kuta za mita 8 au 9 zilikuwa zimeshikwa juu na kenchi. Zikiondoka, kuta hizo zinasimama peke yake, na upepo wa kusi unazisukuma. Usianze kuondoa kifusi kwa chini, wala kubandua plasta, kabla ya kuziegemeza kuta kwa nguzo za mshazari pande zote mbili. Desemba 2020 sehemu ya Beit el-Ajaib, jengo linalojulikana kuliko yote Zanzibar, iliporomoka katikati ya matengenezo na watu wawili wakafa. Jengo kongwe ni hatari zaidi wakati linapotengenezwa kuliko lilipoachwa, na gharama ya kuegemeza isikatwe kwenye bajeti hata siku moja. Fedha za paa la kudumu zikiwa hazipo, ezeka la muda kwa mabati mepesi juu ya nguzo zinazosimama zenyewe, bila kuegemea kuta. Turubai halifai: linashika maji, linapasuka kwa jua, na likipasuka hakuna anayelibadilisha.

Kuta sasa. Jengo la kabla ya vita vya pili, pwani, kwa kawaida ni mawe ya matumbawe yaliyojengwa kwa chokaa. Jengo la miaka ya 1950 ni mchanganyiko: nguzo na bimu za zege, katikati mawe au matofali. Aina hizi mbili haziponi kwa dawa moja, na fundi anayepiga saruji kila mahali ataharibu ile ya kwanza. Ukuta wa matumbawe unanyonya unyevu kutoka ardhini na chumvi pamoja nao, kisha unautoa kwa hewa. Ukiupiga plasta ya saruji, unyevu unakosa njia, unapanda juu zaidi, chumvi inaganda nyuma ya plasta na kuisukuma. Utaona plasta inatuna kisha inadondoka vipande vikubwa, na watu watasema saruji ilikuwa kidogo, waongeze. Ibandue yote. Unga mweupe wa chumvi upigwe brashi kavu na kuzolewa kwenye ndoo. Ukiuosha kwa maji unaurudisha ukutani.

Chokaa inalowekwa kwenye pipa, ikifunikwa na maji juu yake, mwezi mmoja kwa uchache, na ikikaa mitatu ni bora. Changanya kipimo kimoja cha chokaa kwa vitatu vya mchanga. Mchanga wa ufukweni ni marufuku hata ukioshwa na muuzaji akaapa. Chota kidogo uonje kwa ulimi. Kila tabaka lisizidi milimita 10 au 12. Tandaza magunia yaliyolowa, uyanyunyizie asubuhi na jioni kwa siku saba, halafu ngoja wiki mbili hivi kabla ya tabaka linalofuata. Fundi mwenye haraka atapiga milimita 25 kwa mara moja, itapasuka mistari ya nyavu, na atailaumu chokaa. Rangi ya mwisho iwe chokaa nyepesi, mikono mitano membamba. Rangi ya mafuta inaziba ukuta kama saruji ilivyoziba.

Zege la pwani lina ugonjwa wake. Nondo zilifunikwa kwa sentimita 2 tu, na wakati mwingine mchanga ulikuwa na chumvi. Nondo ikishika kutu inatuna mara kadhaa ya ukubwa wake na kupasua zege kwa mstari unaofuata nondo yenyewe. Pita na nyundo ndogo ukigonga kila bimu na kila nguzo. Mahali panapotoa sauti ya uwazi pawekee alama ya chaki. Kukarabati ni kuchimba hadi nyuma ya nondo sentimita 2, kusugua chuma hadi king'ae pande zote, kuongeza nondo mpya pale ya zamani ilipopoteza robo ya unene, ndipo kujaza. Kupaka saruji juu ya ufa bila kuchimba ni kununua miaka miwili tu, na huko ndani kutu inaendelea.

Tahadhari tatu kabla ya mtu kuingia na ufagio. Shiti za bapa au za mawimbi za rangi ya kijivu, za wakati ule, huenda zina asbesto, nyuzi zinazodhuru mapafu. Zisikatwe kwa msumeno wala kusuguliwa kavu. Zilowanishwe, zifunguliwe bolti zikiwa nzima, zifungwe kwa nailoni nzito, na wafanyakazi wavae barakoa za vumbi laini, si kitambaa. Kinyesi cha popo na njiwa nacho kilowanishwe kabla ya kuzolewa, maana vumbi lake linaleta ugonjwa wa mapafu. Na kwenye chumba cha umeme cha jumba la zamani unaweza kukuta chupa kubwa ya kioo yenye mikono kama pweza: hiyo ilibadilisha umeme kuwa wa mkondo mmoja kwa ajili ya taa ya kaboni, na ndani yake mna zebaki. Isiguswe hadi aje mtu anayejua kuisafirisha.

Chumba cha mashine kinastahili muda wako mwingi kuliko watu wanavyokipa. Kwa kawaida utakuta misingi ya mashine mbili, kwa sababu mkanda mmoja ulikuwa ukiisha na mashine ya pili ikapokea. Opareta alitazama kona ya juu kulia ya skrini: alama ya kwanza ya duara ilipotokea, sekunde 8 hivi kabla ya mwisho, aliwasha mota ya mashine ya pili, ya pili ilipotokea, zimebaki kama sekunde moja, alihamisha picha. Tazama matundu ya ukutani: kila mashine ina la kupitisha mwanga na la opareta kuchungulia, na juu yake kuna vifuniko vya chuma vinavyoshuka vyenyewe moto ukitokea. Vifuniko hivyo vilikuwa na maana. Filamu za nitrati, zilizotengenezwa hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950, zinawaka hata zikizamishwa majini. Ukikuta makopo ya mikanda humo, funga mlango, usivute sigara, na usijaribu kuipitisha kwenye mashine. Mkanda unaonata, wenye povu au unga wa kahawia, ni wa zimamoto kwanza, kisha ni wa historia. Mkanda unaonuka siki ni wa aina salama inayooza: utenge na mingine, kwa kuwa mvuke wake unaambukiza, uuweke mahali pakavu na pa baridi, kopo lisibanwe kabisa. Ukiwa umesinyaa kufikia asilimia moja, meno ya mashine yatauchana.

Mashine yenyewe isiwashwe kwa umeme kwa kutaka kuona kama inafanya kazi. Zungusha kwa mkono kwanza. Kiini chake ni msalaba wa gurudumu unaouvuta mkanda fremu moja, ukasimama, ukauvuta tena, mara 24 kwa sekunde, ukiwa ndani ya boksi la mafuta. Mafuta hayo yameganda kuwa kama lami. Yamwage, osha kwa mafuta ya taa, jaza mafuta mapya mepesi ya mashine, izungushe kwa mkono mara mia kabla ya mota kuguswa. Meno ya gurudumu yakiwa yamepinda kama ndoano, hayo ndiyo yaliyokuwa yanachana mikanda. Hata kama hutaonyesha tena milimita 35, usiuze mashine kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Ibaki chumbani mwake, imefungwa kwenye bolti zake.

Kuonyesha leo kutahitaji projekta ya dijitali, na hapa ndipo wengi hukosea kwa kununua mwanga kabla ya kupima. Skrini ya upana wa mita 8 na kimo cha mita 4.5 ni mita za mraba 36. Kwa mwangaza unaokubalika sinema, kila mita ya mraba inataka lumeni (kipimo cha mwanga) 150 hivi, jumla 5,400, na ukiongeza kinachopotea kwenye lenzi, kioo cha tundu na vumbi, nunua isiyopungua 7,000 au 8,000. Kisha gawanya umbali wa kutoka chumba cha mashine hadi skrini kwa upana wa skrini. Mita 28 kwa 8 ni 3.5, na projekta ya dukani yenye lenzi ya 1.5 au 2 haitatosha. Watu wanaponunua hiyo, wanalazimika kuitundika katikati ya ukumbi, feni yake inasikika, popo wanaizunguka, na chumba cha mashine kinageuka stoo ya ndoo. Nunua lenzi ndefu. Kioo cha tundu kiinamishwe kidogo, digrii tano au sita, ili picha isirudi kuakisi ndani ya lenzi.

Sauti inaharibiwa na usafi. Dari na kuta za zamani zilikuwa na mbao laini za kunyonya sauti. Zikiondolewa na kuta zikapakwa rangi ya kung'aa, maneno yanagongana. Ukumbi wa mita za ujazo 3,000 unataka mwangwi uishe kwa sekunde moja hivi, na kwa hesabu ya kawaida hiyo ni kama mita za mraba 480 za kitu kinachonyonya kila sauti. Watu 400 wakikaa wanatoa 180 hivi. Zilizobaki zitoke kwenye pazia nzito za pembeni, ukuta wa nyuma, na viti vyenye kitambaa. Ukuta wa nyuma upe kipaumbele, kwa sababu sauti ya spika inaupiga na kurudi mbele kwa kuchelewa.

Jengo lililotengenezwa likafungwa tena litaoza upya, kwa hiyo mpangaji mwema ni sehemu ya uhifadhi. Kanisa linalosafisha mifereji kila Februari na kila Septemba, kabla ya masika na kabla ya vuli, linalinda sinema kuliko mradi unaongoja fedha huku mlango una kufuli. Mkataba wake uwe na masharti machache ya wazi: sakafu isijazwe, jukwaa la mbao liwekwe juu ya mteremko bila kufungwa kwa zege, chumba cha mashine kisivunjwe, na jioni fulani za mwezi ukumbi urudi kuonyesha picha. Watazamaji wapo. Vibanda umiza vinajaa kila wikiendi kwa mpira wa Ulaya, na filamu zinazotafsiriwa kwa Kiswahili na msimuliaji zina wafuasi mpaka vijijini. Mwekee msimuliaji maiki na taa ndogo pembeni mwa skrini, na ukumbi wako una kitu ambacho simu haina. Rudisha onyesho la wanawake peke yao mchana, na la Idi. Kibali cha filamu utakipata kwa Bodi ya Filamu ukiwa Bara, na Zanzibar kuna taasisi yake. Mji Mkongwe, ambao uko kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 2000, hata kubadilisha dirisha kunaanzia kwa Mamlaka ya Mji Mkongwe.

Kuna kazi moja isiyohitaji kibali wala saruji. Tafuta mzee aliyekuwa opareta, mkata tiketi, mchora mabango au mkimbiza mikanda. Mpeleke kwenye mashine badala ya kumhoji kwenye kiti chake nyumbani, kwa sababu mikono inakumbuka mengi kuliko mdomo. Mwombe apitishe kipande cha mkanda usiofaa kuanzia juu hadi chini, kamera ikiwa juu ya vidole vyake, na amweleze kijana aliye kando yake kila anachokaza na kila anachokilegeza, alifanya nini kaboni ilipokwisha katikati ya picha, na fundi gani wa mjini alichonga kipuri kilichokosekana. Andika saa na tarehe kwenye faili, weka nakala mbili mahali pawili tofauti, na uipe familia yake nakala ya tatu. Walioendesha mashine hizo miaka ya 1960 na 1970 ni watu wa umri mkubwa sasa, kwa hiyo kazi hii haingoji paa.